Isidori Ndomba, Mnadi Aliyekagua Vinywa vya Mchikichini

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Ilala, wafanyabiashara wa Mchikichini mliofunga vibanda siku ya Jumamosi, jambo ambalo marehemu mwenyewe asingelikubali, familia ya Ndomba inawashukuru kwa kufika na inawaomba mketi, na wale mlio upande wa masufuria mnaombwa mpunguze mazungumzo kidogo, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko ilivyopangwa na padre ameshatazama saa mara mbili. Inasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wa marehemu, Onesphory Ndomba, aliyesafiri kutoka Mbinga. Marehemu aliacha agizo kwamba ugonjwa wake utajwe kwa jina, kwa hiyo hapa hamtasikia "kuugua kwa muda mrefu" wala "tatizo la koo", mtasikia kansa ya kinywa, na mtaisikia zaidi ya mara moja.

Isidori Ndomba alizaliwa tarehe 4 Aprili 1962 katika kijiji cha Maguu, Mbinga, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Cheti cha ubatizo kinasema 1962, cheti cha shule kinasema 1964 na kitambulisho cha taifa kinasema 1966, na kikao cha familia kilichokaa juzi kimekubaliana kulifuata Kanisa, kwa kuwa ndilo lililoandika mapema, na kwa kuwa marehemu alikuwa anapungua umri kila alipopewa fomu ya kujaza.

Alisoma Shule ya Msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, na wakati huo shule ilikuwa inatumia rimu la gari kama kengele, rimu likaibwa mwaka 1975, mwalimu mkuu akamsimamisha Isidori juu ya jiwe kila asubuhi apige kelele "Mstariniii!", na watoto wa ng'ambo ya bonde wakaanza kufika kwa wakati, jambo ambalo rimu halikuwahi kuliweza. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na hadi uzee wake alishikilia kwamba mtihani ulikuwa wa kuandika na hakuna mtu aliyepata akili ya kumuuliza kwa mdomo.

Alifika Dar es Salaam tarehe 11 Juni 1981 akiwa juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, akaanza kazi ya kubeba mizigo Sokoni Kariakoo, vitunguu asubuhi na nazi mchana, na hapo ndipo mwaka 1983 mbebaji mwenzake alipomfundisha kuweka ugoro chini ya ulimi, upande wa kushoto, akimwambia, "Weka hapo, njaa itasogea pembeni." Aliweka, akatapika, akalala chini ya mkokoteni mpaka saa kumi, na kesho yake akaweka tena. Familia inautaja mwaka huo kwa sababu miaka arobaini baadaye daktari aliuuliza, pamoja na sigara, ambazo marehemu alizivuta hadi 1996 akaziacha kwa majigambo makubwa, ugoro ukiwa mdomoni wakati anajigamba, na pombe kali za Jumamosi, ambazo hakuziita ulevi kwa vile Jumapili alikuwa kanisani, benchi la nyuma.

Mwaka 1988 alihamia Mchikichini, ambako mitumba ilikuwa imeanza kumiminika, akawa mnadi wa nguo na viatu, yaani yule mtu anayepanda juu ya meza belo linapofunguliwa na kuwaaminisha watu wenye akili zao kwamba koti la manyoya linafaa Dar es Salaam mwezi wa pili. "Njoo ushike, kushika hakuna kodi!" alikuwa anaita. "Koti hili limevaliwa na mzungu mmoja tu, naye alikuwa mpole!" Sauti yake ilivuka barabara, ikaingia kwenye maofisi, na kuna karani mmoja aliyekuja kulalamika akaondoka na suruali mbili.

Tarehe 17 Oktoba 1992 alifunga ndoa takatifu katika Parokia ya Msimbazi na Evarista Hyera, binti wa Mbamba Bay, mama lishe aliyekuwa anauza chai na chapati pembeni mwa soko, na ambaye alikuwa amemkataa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya kelele na mara ya pili kwa sababu ya harufu ya ugoro. Mara ya tatu alimkubali kwa sharti la kuacha ugoro, Isidori akaapa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na akauacha kwa siku kumi na tisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Violeth, aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1994, na Allen, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1998, pamoja na wajukuu watatu, na katika miaka yote hiyo Mama Violeth aliendelea kupekua mifuko ya mumewe kila jioni kama afisa wa forodha.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la gambuti, ambalo wengi mmelisikia kwa namna mbalimbali na familia inaomba kulinyoosha. Mwezi Mei 2004 marehemu, kwa kukimbia upekuzi, alikuwa anaficha kopo lake la ugoro ndani ya gambuti la mguu wa kushoto lililokuwa limekaa mezani wiki tatu bila mteja, siku hiyo mteja akatokea, mama mmoja anayeuza samaki soko la Feri, kule Kivukoni, marehemu akanadi kwa mazoea, akafunga magambuti kwenye mfuko, akaaga kwa tabasamu, na alipotaka kuweka ugoro saa tano asubuhi akakumbuka. Aliacha meza, akakimbia kutoka Mchikichini mpaka Kivukoni, akamkuta yule mama katikati ya maji ya samaki amekwisha kuyavaa.

"Mama, samahani, kuna kitu changu kwenye kidole chako."

"Hiki? Nilidhani ni jiwe," mama alijibu, "nikasema nitavua jioni. Unakitaka? Niuzie kwanza hii ndoo ya vibua, toka asubuhi sijasemeshwa na mtu."

Isidori alipanda juu ya sanduku, akaivuta hewa, akavinadi vibua kama alivyonadi makoti, ndoo ikaisha kabla ya adhana ya adhuhuri, akapewa kopo lake, akarudi nyumbani ananuka samaki kuanzia shingoni, na Mama Violeth, ambaye hakuwa ametafuta ugoro siku hiyo, alitafuta mwanamke wa Feri kwa muda wa miezi miwili.

Katika marafiki wa marehemu wa kutajwa hapa ni mmoja, Mzee Yasser Ubeid, mwenye duka la mapazia Mchafukoge, waliyefahamiana naye tangu 1990 na kutaniana kila siku ya Mungu. Yasser alikuwa mtu wa tambuu, jani lake, popoo yake, chokaa na tumbaku, mchanganyiko unaogeuza mate na meno kuwa mekundu, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anajiua.

"Ndomba, hiyo takataka unayoweka chini ya ulimi itakuua," Yasser alikuwa anasema.

"Na wewe Mwarabu wangu unayetema damu bandia kwenye kuta za watu, utaishi milele?"

Mwezi Oktoba 2022 kilitokea kidonda upande wa kushoto wa ulimi wa marehemu, kidogo, hakiumi, na yeye akasema ni mwiba wa samaki, mwezi Novemba akasema ni pilipili, Desemba akasema ni jino, akasukutua maji ya chumvi, akapaka asali, akapaka mafuta ya karafuu, akameza vidonge alivyoelekezwa na mteja aliyekuja kununua mkanda. Mama Violeth alimsihi aende hospitali kwa upole, kisha kwa machozi, kisha kwa kumnyima chapati, na mwezi Machi alimwambia mbele ya wateja, "Baba Violeth, kidonda gani kinakaa miezi mitano? Ingekuwa mimba sasa hivi ingekuwa inapiga mateke!" Hakwenda. Ukweli ambao alikuja kuusema baadaye ni kwamba alikuwa anaogopa, na mtu mwenye sauti kubwa hana mahali pa kuuweka woga, kwa hiyo aliuweka chini ya ulimi pamoja na ugoro.

Jumamosi tarehe 18 Machi 2023 kulikuwa na madaktari wa kinywa na meno katika viwanja vya Mnazi Mmoja, wanapima watu bure, marehemu akalisikia tangazo la kipaza sauti, akafurahi sana, akaenda Mchafukoge kumtoa Yasser dukani kwa mkono, amepania aambiwe na daktari kwamba tambuu inamuua. Walipofika kwenye hema walimkuta Daktari Khairunnisa, binti mdogo mwenye taa kwenye paji la uso, akawaamkia shikamoo wote wawili, wakaitikia marahaba, na Isidori akasema, "Daktari, mgonjwa ni huyu, mimi nimemsindikiza." Yasser alifungua kinywa, daktari akatazama, akaona doa jeupe ndani ya shavu la kushoto, pale pale anapoilaza tambuu, akasema doa hilo linahitaji kufuatiliwa na tambuu inahitaji kukoma. Isidori alicheka. Alicheka kicheko chake cha Mchikichini, kichwa nyuma, kinywa wazi, na daktari aliyekuwa bado hajazima taa aligeuka, akatazama ndani ya kicheko hicho, akasema taratibu:

"Mzee, usifunge."

Watu wa foleni walisogea kuchungulia, daktari akainama na taa yake.

"Hicho kidonda kina muda gani?"

"Kipi?"

"Hicho unachokificha kwa ulimi."

"Mwiba wa samaki, binti yangu. Samaki aina ya changu."

"Wa lini?"

"Oktoba."

Daktari hakuliandika jina la samaki. Aliuliza ugoro, akaambiwa tangu 1983, akauliza sigara, akauliza pombe, na Yasser ndiye aliyejibu kuhusu pombe kwa sababu mwenyewe alikuwa ameanza kusahau, na daktari akawaeleza kwamba tumbaku ni mbaya iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ya kulaza chini ya ulimi, kwamba ikichanganywa na pombe kali madhara yanazidishana, kwamba popoo ina hatari yake hata pasipo tumbaku, na kwamba kidonda chochote cha kinywani kilichopita wiki mbili bila kupona hakina haki ya kupewa jina la samaki. Marehemu aliuliza, kwa sauti ambayo Yasser anasema hakuwahi kuisikia kabla, ikiwa ndogo, "Watu wenye kitu kama hiki hapa Kariakoo ni wangapi?"

"Hakuna anayejua sawasawa, mzee. Tunawahesabu wanaotufikia, na wengi wanatufikia ulimi umeshagoma kutembea."

Kipande cha nyama kilichukuliwa kupimwa, na tarehe 29 Machi 2023 majibu yalitoka, kansa ya ulimi, hatua ya pili, inayotakiwa kukatwa mapema. Swali la marehemu halikuwa kama atakufa, lilikuwa kama atanadi, na daktari hakumdanganya, alisema, "Utaongea. Mnada sikuahidi."

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili, watu wakiwa wanajiandaa pia kwa Idi, Isidori alipanda mezani saa mbili asubuhi akanadi kwa mara ya mwisho, akafungua belo, akalimaliza, akafungua la pili, akalimaliza, akanadi kofia ya jirani bila ruhusa ya jirani, na ilipofika alasiri meza ikiwa tupu alivua shati lake mwenyewe akalinadi, akaelezea historia yake tangu kufuliwa kwake asubuhi hiyo, watu wakapandishiana bei kwa machozi na vicheko, akarudi nyumbani amevaa blauzi ya maua iliyokataliwa na kila mtu. Yasser alikuja akasimama nyuma kabisa siku nzima, amefunga na saumu yake, akitazama.

Asubuhi ya tarehe 12 Aprili, kabla hawajatoka kwenda Muhimbili, alimkalisha mkewe kitandani akamuuliza, "Mama Violeth, kuna neno lolote unataka kulisikia kabla hawajalikata?"

"Lipo. Sema ulikosea kuhusu ugoro."

"Nilikosea kuhusu ugoro."

"Rudia."

"Nilikosea kuhusu ugoro, Evarista."

"Mara ya mwisho, nisikie vizuri."

Akarudia kwa sauti ya mnada, mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, na Mama Violeth akabeba mfuko wa nguo, akasema, "Haya, sasa twende."

Walikata karibu nusu ya ulimi, upande wa kushoto, pamoja na tezi za shingo, kisha mwezi Juni na Julai akapata mionzi mara thelathini katika hospitali ya kansa ya Ocean Road. Neno lake la kwanza alilisema tarehe 3 Mei, alikusudia kuita "Evarista", likatoka "Eahiha", akafumba macho kwa aibu, na mkewe akaitika, "Abee, ndiyo mimi." Ugoro aliuacha tangu siku ile ya hema, na kopo alilikabidhi kwa mkewe mwenyewe, wazi, bila upekuzi.

Meza ya Mchikichini ilikuwa imebaki bila sauti, na Mama Violeth, ambaye kwa miaka thelathini na moja alikuwa akilalamikia kelele, alipanda juu yake mwezi Agosti 2023 kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Hakupatikana mtu, na hakutafutwa. Alinadi kwa sauti ya kuamrisha, hakusifia koti, alimwambia mteja, "Wewe baba, hilo shati ulilovaa linakuaibisha, chukua hili," na mabelo yakaanza kuisha kabla ya chakula cha mchana. Marehemu aliketi kwenye stuli kando ya meza akiona wivu wa wazi, na majirani watakumbuka kwamba alikuwa akimvuta mkewe sketi kumsahihisha, naye akamwambia bila kugeuka, "Kila mtu na zamu yake, Baba Violeth."

Kukaa hapo bila kazi ndiko kulikomrudisha kwenye lile swali lake la wangapi. Tarehe 8 Januari 2024 alinunua daftari la kurasa mia mbili, akalichora safu nne, ugoro, tambuu, sigara, pombe kali, akaandika kwenye boksi FUNGUA KINYWA, HULIPI, akawasha tochi ya simu, na mkewe akawa sauti yake juu ya meza. Daktari Khairunnisa alikuwa amemwonyesha cha kutazama, kidonda kisichopona, doa jeupe, doa jekundu, uvimbe, na kumwambia kazi yake ni kuona na kumpeleka mtu hospitali, siyo kutibu. Watu walipanga foleni.

"Mnagawa miswaki?" aliuliza mmoja.

"Tunagawa ushauri. Fungua," alijibu Mama Violeth.

Dereva mmoja wa lori aliulizwa safu nne akasema, "Mama, weka tiki zote, unajichosha." Dada mmoja wa saluni alisema, "Mimi situmii chochote, naomba nipite," akajibiwa, "Fungua hivyo hivyo, dada, daktari kasema hata asiyetumia anaweza kupata, ila wanaotumia wamepanga foleni mbele." Askari wa mgambo alikuja kuondoa meza kwa kuziba njia, marehemu akamnyooshea tochi, askari akafungua kinywa kabla hajajua anafanya nini, likaonekana doa jekundu chini ya ulimi, na askari huyo alikwenda hospitali wiki ile ile, akarudi baadaye kuisogeza meza mahali penye kivuli. Kufikia Septemba 2025 daftari lilikuwa na vinywa elfu moja mia moja na ishirini na saba, wenye kitu cha kutiliwa shaka sitini na nne, waliokubali kwenda hospitali arobaini na mmoja, waliokutwa na kansa ikiwa bado changa watano, na kati ya hao watatu wapo hapa leo, wamekaa chini ya turubai la bluu. Daktari alilisoma daftari akasema kwa heshima, "Mzee, huu bado siyo utafiti, umepima watu waliopita karibu na meza yako," na marehemu akaandika chini ya ukurasa, "Na ninyi mmepima waliopita karibu na hospitali." Daktari aliomba aondoke na nakala.

Lakini kinywa alichokitaka kuliko vyote kilikuwa hakifunguki. Yasser alikuwa ameacha tambuu mwezi ule wa Ramadhani wa 2023, kwanza mchana, kisha na jioni, na marehemu alikwenda kwenye kisu akiamini kwamba wameacha wote wawili. Jumamosi tarehe 3 Februari 2024 Yasser alipita mezani kusalimia, midomo imebanwa.

"Shemeji, zamu yako, fungua," alisema Mama Violeth.

"Mimi nimeshapimwa na daktari."

"Fungua tu, dakika moja."

Marehemu alinyoosha kidole kwenye kifua cha kanzu nyeupe, palipokuwa na tone jekundu.

"Hiyo ni juisi ya rozela," alisema Yasser, na alipofungua kinywa kusema rozela, meno mekundu yakasema mengine.

Isidori alifunga daftari, akaandika MWONGO kwenye kipande cha boksi, akamkabidhi, na kwa miezi mitano watu hawa wawili hawakusemeshana, jambo ambalo majirani walichelewa kuligundua kwa kuwa mmoja wao alikuwa hasemi vizuri hata kabla. Nyumbani aliacha kula uji wake, akamwambia mkewe kwa shida kwamba ile siku ya hema ni yeye aliyemcheka mwenzake, na kama mwenzake akifa atakuwa amemcheka bure. Alimpelekea Yasser salamu za Idi kupitia kwa Mama Violeth, Yasser akarudisha mapazia, na hakuna aliyejua mapazia yale yalikuwa na maana gani.

Jumamosi tarehe 6 Julai 2024 Yasser alionekana kwenye foleni ya mezani, nyuma ya mbeba mizigo, amevua kofia, hakuomba kupitishwa mbele. Ilipofika zamu yake aliketi, akafungua kinywa bila kuambiwa, na marehemu alitazama kwa muda mrefu, kwa sababu lile doa jeupe lilikuwa limepata wekundu katikati. Alizima tochi, akamshika rafiki yake shavuni.

"Ndomba," alisema Yasser, "naogopa."

Marehemu alijibu maneno kadhaa ambayo hayakueleweka, na Mama Violeth akashuka mezani kuyafasiri. "Anasema na yeye aliogopa. Anasema Jumatatu mnakwenda wote, na usipokuja atakuja kukunadi mbele ya duka lako."

Walikwenda. Doa lilikatwa mwezi Agosti, majibu yakasema halijawa kansa ila lilikuwa njiani kuelekea huko, na Mzee Yasser hajagusa tambuu tangu tarehe hiyo 6 Julai, yaani leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku moja, na familia inaruhusiwa kusema kwamba mwezi wa kwanza alikuwa hakaliki.

Mwezi Septemba 2025 uvimbe ulitokea upande wa kulia wa shingo ya marehemu, vipimo vikaonyesha kansa imerudi, akapewa dawa za kansa kupitia mishipa, na tangu Novemba alikuwa akilishwa kwa mpira unaopita puani, uji ule ule wa mkewe, na ingawa uji haukugusa kabisa kinywa chake aliendelea kuandika kwenye karatasi kwamba hauna chumvi. Alipokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa tarehe 30 Januari mwaka huu. Alimwachia Violeth daftari, Allen meza, na mkewe alimwambia hana cha kumwachia kwa kuwa vyote alishavichukua, akacheka mwenyewe kwa sauti iliyobaki.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, Mzee Yasser alifika nyumbani na majibu ya kliniki ya siku moja kabla, akamsomea kwamba kinywa chake ni salama, hakuna doa, hakuna kidonda. Marehemu alitikisa kichwa kwamba haamini karatasi, akaonyesha simu ilipo, na Yasser akapiga magoti kando ya kitanda, magoti yakalalamika, akafungua kinywa. Mama Violeth aliushika mkono wa marehemu kwenye kifundo ili tochi itulie, marehemu akatazama shavu la kulia, akatazama shavu la kushoto mahali palipokatwa, akaagiza kwa kidole ulimi uinuliwe, akatazama chini yake, hakuharakisha. Kisha aliilaza simu kifuani, akasema neno moja. Mama Violeth alisikia "Safi". Violeth, aliyekuwa mlangoni na kikombe, alisikia "Asante". Mzee Yasser, aliyekuwa karibu kuliko wote na kinywa chake bado kikiwa wazi, anasema aliambiwa "Funga". Walibishana kidogo hapo hapo, marehemu akiwasikiliza, na aliaga dunia saa tano na dakika ishirini asubuhi hiyo, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi kumi na siku moja. Familia imeamua kuyaandika yote matatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili na Ocean Road, na kwa namna ya pekee Daktari Khairunnisa, jumuiya ndogondogo na kwaya, wapangaji wenzetu waliovumilia mengi kupitia ukutani, viongozi na wafanyabiashara wa Mchikichini, ndugu zetu Waislamu wa Mchafukoge waliotupatia turubai, viti na mchele, na Mzee Yasser Ubeid, aliyeketi mstari wa familia kwa sababu Mama Violeth amesema hana mahali pengine pa kukaa. Kwa tuliowasahau, mtusamehe.

Isidori, kaka yetu, baba, rafiki, Mungu akupokee, na upumzike katika amani yake.